Kahawa ya Dereva wa Treni

Juzi asubuhi simu iliita nikiwa nabishana na abiria aliyetaka siti ya dirishani kwenye basi lililokwisha kujaa. Kazi yangu unaifahamu. Nakata tiketi kibandani hapa stendi ya Bukoba, nawasafirisha watu wa Mwanza, wa Kahama, wa Dar es Salaam, na jioni ikifika mimi mwenyewe narudi nyumbani Hamugembe kwa miguu. Namba ilikuwa ngeni. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikaniuliza kama mimi ndiye yule mtoto wa Muleba, yule wa treni. Ni zamani mno tangu mtu aniite hivyo. Nikasema ndiye.

"Mdogo wangu," akasema, "Baba, yule dereva wako, ametutoka. Tunazika huku Mwanza baada ya siku tatu. Aliacha neno kwamba wewe uambiwe kabla hata ya ndugu."

Nilijibu kama tunavyojibu wote siku hizi. Pole sana dada, Mungu ampumzishe, nitatuma chochote kwa simu. Akashukuru, akakata. Abiria wangu bado alikuwa anasubiri dirisha lake.

Jirani yangu wa kibanda cha pili, mama wa makamo anayesikia kila simu yangu kama inaita sikioni mwake, akaniambia nimefanya vizuri. Mzee si wa ukoo, safari ni ya kutwa nzima, na macho yangu mekundu kama ya mtu aliyepuliza kuni mbichi. Nitume rambirambi nikalale. Na kweli, rafiki yangu, nilikuwa nimechoka. Nimechoka tangu mwaka juzi, uchovu ule ambao unalala nao na kuamka nao, unakutangulia mpaka kazini. Lakini tangu juzi sijaweza kutuma. Nashika simu, naiweka. Kuna kitu ambacho yule mama hakijui: kati yangu na mzee yule kuna kahawa. Kaa hapa kidogo nikueleze, kwa sababu nikikueleza wewe huenda na mimi nitajua la kufanya.

Nimelelewa na bibi huko Muleba, upande wa Rubya, kwenye kibanja chenye migomba mikubwa mpaka mchana ndani yake ni kama jioni. Mama alikuwa ng'ambo ya ziwa, Mwanza, akipokea mikungu ya ndizi inayotoka kwetu kwa meli na kuiuza. Asubuhi zetu zilikuwa na ukungu, na kengele ya misheni ilisikika kabla hujamwona anayekwenda misa. Kazi zangu zilikuwa za watoto wote: kuchota maji bondeni, kutandaza nyasi shambani, kuanika kahawa kwenye mikeka na kuikusanya mbio wingu likitokea upande wa ziwa. Bibi alimenya ndizi bila kuzitazama, kisu kikicheza mkononi, maganda yakianguka upande mmoja. Mpaka leo nikisikia harufu ya jani la mgomba lililobabuka juu ya chungu, tumbo langu linarudi utotoni.

Sasa hebu niambie, mtoto wa mahali kama hapo anapendaje treni? Kwetu hakuna. Hakujawahi kuwa na reli ya kwenda popote. Mimi niliipata kwenye kitabu cha shule cha darasa la pili, picha ya garimoshi linapanda mlima, moshi umelala mgongoni mwake kama kilemba. Mwalimu alisema tusome habari iliyo chini ya picha. Mimi sikuisoma. Nilitazama tu. Tangu siku hiyo kila kitu kilikuwa treni. Nilipanga magogo ya migomba yaliyokatwa, nikakaa kwenye la mbele, nikapuliza. Watoto wa jirani walinicheka, wakaniita Treni, na nikipita kuelekea kisimani waliniimbia mlio wake nyuma yangu. Mimi niliona wananipa heshima.

Bibi hakucheka. Alisema ni damu ya babu yako inakusumbua. Babu alifariki kabla sijapata akili ya kumkumbuka, ila nilijua kwamba ujanani alivuka ziwa akafanya kazi kwenye treni za moshi. Yeye ndiye alikuwa mtia makaa, anayelisha moto ili dereva apate nguvu ya kwenda. Nilijua pia habari ya kigoda chake. Kilikaa sebuleni karibu na mlango, kimeng'aa kwa kukaliwa, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Baba mdogo, ambaye ndiye mrithi, alikuja kila Jumapili baada ya misa na kukaa juu ya debe lililopinduliwa, akikitazama kigoda cha baba yake kwa uchungu. Alikuwa mtu mnene, na debe lililia kila alipocheka. Bibi alimwambia jambo moja tu, kwamba mnywani hajaja.

Wewe si mtu wa kwetu, kwa hiyo hili nalo lazima nikueleze. Tunda la kahawa ukilipasua lina punje mbili ndani, zimelaliana kama pacha. Zamani watu wawili wakipendana kuliko ndugu, walichanja ngozi kidogo, kila mmoja akapaka punje damu yake, kisha wakabadilishana wakala. Huo ni omukago, na mwenzako wa namna hiyo ni mnywani wako. Mapadre walipokuja, damu ikaachwa, kahawa ikabaki. Mnywani wako hakunyimi chakula wala siri, watoto wako ni wake, na ukifa ni lazima aje akulilie kaburini. Asipokuja, msiba haujafungwa, hata mkinyoa na kufagia uwanja. Bibi alikuwa na usemi wake: "Asiyelilia aliyekula naye kahawa, amemwachia mlango wazi, na baridi inamwingia."

Mnywani wa babu alikuwa dereva wake wa treni, Mnyamwezi wa Tabora ambaye babu ndiye aliyemfundisha kula kahawa badala ya kuinywa. Alikuwa bado anafanya kazi Mwanza. Alipelekewa habari babu alipofariki, akatuma salamu na shuka. Hakuja. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Bibi alikuwa anazeeka, mgongo unapinda, na hofu yake ilikuwa moja: kwamba atamfuata mumewe na kumkuta bado anatetemeka kwenye baridi ile. Hakuisema mbele za watu. Alinisemea mimi tu, jioni tukichambua maharage.

Basi nilipofika umri wa kusafiri likizo kwenda kwa mama, bibi aliniita chumbani. Alikuwa ametengeneza kahawa ya kutafuna kwa mkono wake, iliyochemshwa na majani yake na kukaushwa, akaifunga kwenye jani kavu la mgomba, kifungo kidogo cha urefu wa kidole. Akaniambia nimpe yule mzee mkononi, siyo mezani, nimwambie mwenzako bado anakusubiri. Akiila, atakuja. Kwetu kahawa hailiwi bure.

Mama alikuwa amepanga chumba karibu na karakana ya treni. Unaweza kufikiri nililala usiku wa kwanza? Asubuhi akanipeleka kwa yule dereva. Nilitegemea jitu. Nikamkuta mzee mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili wake, kofia imelowa mafuta, anakunywa chai ya chupa kwenye kifuniko. Mama akamwambia mimi ni nani. Akaniangalia usoni muda mrefu, akasema pua ni ile ile, na kuanzia pale akaniita mke wangu, kama babu wote wanavyowaita wajukuu zao wa kike, na mimi nikamwita Babu Dereva.

Nikampa kifungo mkononi, nikasema nilichotumwa. Akakipokea kwa mikono miwili. Akakinusa. Niliona kinywa chake kinataka. Kisha akakitia mfuko wa shati, akaufunga mfuko, akasema twende nikuonyeshe mahali babu yako alipokuwa akikaa.

Nyuma ya karakana, kwenye reli iliyomezwa na majani, kilisimama kichwa cha treni ya moshi. Kilikuwa kimekufa. Kutu imekila, ndege wamejenga ndani ya bomba lake, vioo hamna. Lakini ndicho kile cha kitabuni, rafiki yangu, ndicho hasa, na nilipokigusa nilitokwa na machozi bila kujua ninalia nini. Alinipandisha ndani. Alinionyesha mlango wa tanuri, mkubwa kama mlango wa banda la kuku, na mahali ambapo chuma cha sakafu kilikuwa kimelika, kimeingia ndani kidogo. Pale ndipo babu aliposimama kuchota makaa. Mguu wa kushoto pale, wa kulia hapa. Nikaweka miguu yangu mahali pa miguu yake, ikapwaya.

Kila mchana, wakati wa mapumziko yake, tulisafiri. Yeye alikaa upande wake wa kushoto, kiwiko dirishani, mimi nikasimama nilipoonyeshwa. Kabla ya kuondoka alikuwa na desturi yake na babu, ya miaka yote waliyofanya kazi pamoja. Dereva huuliza bila kugeuka, "Moto?" Mtia makaa hujibu, "Upo." Bila jibu hilo hakugusa kitu. Basi akauliza, nikajibu, akavuta mkono wa chuma ambao haukuvuta chochote, na sisi hao tunaondoka Mwanza. Nilichota kokoto kwa kopo nikazitupa tanurini. Yeye alitaja njia: Malya hii, punguza moto, kuna kona, Malampaka, hapa wanauza kuku wazuri, Shinyanga, tunachukua maji, Isaka, mpaka Tabora kwao, ambako alivua kofia. Alinieleza jinsi babu alivyolisafisha beleshi kwa mvuke, akalilaza juu ya makaa na kuchoma ndizi za gonja juu yake, na harufu ikarudi mpaka mabehewa ya daraja la tatu, watu wakachungulia wakiuliza nani anapika. Nimepanda treni ya moshi safari nyingi kuliko mtu yeyote wa rika langu, na haikutembea hata hatua moja.

Ile inayotembea pia nilipanda. Hiyo ilikuwa ya dizeli, haina moshi wa kilemba, inanguruma tu. Kazi yake wakati ule ilikuwa kupanga mabehewa na kuyasukuma bandarini, kwa sababu kulikuwa na meli iliyobeba mabehewa mazima, yenye reli zilizopigwa sakafuni mwake, kuyaleta kwetu, bandari ya Kemondo. Asubuhi moja akaniinua, akanikalisha kwenye kiti kilichochanika, tukashuka polepole kuelekea ziwani. Sakafu ilitetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Palinuka mafuta na matambara yaliyoungua. Mfanyakazi wa chini, mwenye bendera mbili, aliponiona alimpigia kelele kwamba siku hizi anaendeshwa na wake wadogo. Babu Dereva akamjibu apeperushe bendera yake aachane na ndoa za watu. Nilipiga honi. Mara moja tu niliruhusiwa, na nilipiga mpaka ndege wote wa bandari wakaruka.

Tulisukuma mabehewa kwenye daraja la chuma mpaka tumboni mwa meli. Kichwa chenyewe hakikuingia. Kati yake na mabehewa ya mzigo yalifungwa mengine matupu, ili yaingie yale na kichwa kibaki nchi kavu. Na pale, kwenye ukingo, niliona kitu. Jasho limemtoka Babu Dereva chini ya kofia. Alikuwa anatazama nyuma, upande wa mlima, akifuata bendera kwenye kioo kidogo, na ziwa hakulitazama hata mara moja.

Jioni nilimuuliza mama. Mama akacheka, kisha akaacha. Akasema kila mtu karakana anajua: yule mzee anaogopa maji. Mtu amevuka nchi nzima na mzigo wa tani nyuma yake, lakini hajawahi kupanda hata mtumbwi. Anasema chombo kisicho na reli hakijui kinakokwenda. Na barabara ya kuzunguka siku zile ilikuwa mbovu, ya wasiwasi, mabasi yakisindikizwa na askari, na hata huko kulikuwa na mahali pa kuvuka kwa pantoni. Kumbe hakuwa mkaidi. Alikuwa na aibu.

Likizo hiyo nilirudi bila yeye, na iliyofuata pia, ingawa nilimpelekea kifungo kingine. Kila niliporudi bibi alikuwa amesimama mwisho wa kibanja, ananitazama mimi, kisha anatazama njia nyuma yangu. Aliuliza neno moja, "Ameila?" Nikasema bado anayo mfukoni. Akasema kasinge, ahsante, mwana wange, ukanawe mikono. Na kila Jumapili baba mdogo aliendelea na debe lake.

Likizo ya tatu bibi alikuwa hatoki tena kitandani asubuhi mpaka jua lipande. Aliponipa kifungo kipya, vidole vyake havikuweza kukaza kamba, nikaikaza mimi. Hakuniambia ujumbe. Nilipofika Mwanza sikutaka safari ya Tabora. Nilikaa chini kwenye tundu la miguu ya babu. Babu Dereva akauliza moto, nikasema haupo.

Akageuka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kugeuka.

Nikamwambia bibi hanyanyuki. Nikampa kifungo. Akakitazama, akatoa na vile viwili vya zamani mfukoni, vimekuwa vyeusi kwa jasho, akaviweka vyote vitatu juu ya goti. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amejaribu. Amefika bandarini na sanduku, siyo mara moja. Miguu inakataa.

Mimi nilikuwa mtoto mbele ya mtu mzima anayelia. Nilijua treni tu. Nikamuuliza, "Babu, mabehewa yakiingia melini yanakaa juu ya nini?"

"Juu ya reli."

"Na Kemondo yanashukia wapi?"

"Kwenye reli."

"Basi ukikaa ndani ya behewa hutakuwa umeiacha reli."

Akanitazama hivi, mdomo wazi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango wa tanuri, akaniuliza ni shule gani hiyo ya Muleba inayofundisha watoto kuwafunga wazee kamba. Alipomaliza kucheka hakusema ndiyo. Lakini alifungua kifungo kimoja, kile kikuukuu kuliko vyote, akatia punje mdomoni, akatafuna polepole, macho yamefumba. Nikajua.

Alivyoongea na wenzake wa melini sijui. Siku ya kufungua shule ilipokaribia, mama alinikabidhi kwake, na wasukumaji siku hiyo walikuwa wengine, sisi tukisukumwa. Tulikaa ndani ya behewa la gadi, lile la mwisho lenye gurudumu la breki ya mkono. Behewa lilikuwa limefungwa minyororo sakafuni mwa meli, haliwezi kwenda popote, lakini yeye alilikaza lile gurudumu, akalishika kwa mikono miwili na hakuliachia. Meli ilipoanza kuyumba, uso wake uligeuka rangi ya majivu. Kupitia ufa wa mlango maji yalikuwa yanapita, meusi, mengi. Akaniomba nifunge mlango. Nikafunga.

Sikuwa na la kufanya ila lile moja. Nikasimama, nikaweka miguu kama babu, nikasema, "Malya hii. Punguza moto, kuna kona." Akafungua jicho moja. Nikaendelea. Malampaka, kuna kuku. Shinyanga tukachukua maji, nikamimina chai ya chupa kwenye kifuniko, akanywa. Meli ikapanda na kushuka, naye akaniuliza mabonde haya ya wapi, mbona hayakuwepo zamani, nikamwambia wamejenga njia mpya. Tulifika Tabora akavua kofia, na bado ziwa halijaisha. Nikarudi mwanzo. Reli ilipokwisha kabisa kichwani mwangu nikaipeleka kwetu: nikaipandisha Kamachumu, nikaishusha Muleba, nikajenga stesheni mbele ya hospitali ya Rubya na nyingine kwenye kisima chetu. Alikuwa anaitikia kila stesheni kwa kichwa, akitafuna kahawa yake, mpaka tuliposikia vyuma vikigongana, behewa likavutwa, na mwanga ukaingia. Kemondo. Alishuka katikati ya reli, akasimama hapo muda, kiatu kimoja kimekanyaga chuma.

Lori la ndizi lililokuwa linarudi tupu lilitufikisha nyumbani. Baba mdogo alitukuta njiani, akatupita mbio kwenda kumwambia bibi, na kwa unene wake nilimhurumia. Bibi alikuwa ameinuka. Alikuwa amekaa mlangoni, kanga safi, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni kama kwa harusi, na sijui alizikata nani. Hakumlaumu. Alimwangalia kofia mpaka viatu, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha tabu, "Ziwa ni kubwa?" Babu Dereva akasema, "Ni kubwa, mama." Bibi akasema basi karibu. Ni hayo tu waliyosema juu ya miaka yote ile.

Kaburi lilikuwa chini ya migomba, nyuma ya jiko. Mzee alipiga magoti akalia kama wanavyolia watoto, bila kujizuia, na bibi akamwacha amalize. Kisha akapasua tunda bichi la kahawa alilolichuma pembeni, punje moja akaifukia kwenye udongo wa babu. Akafuta uso. Akakaa kama anavyokaa kwenye kichwa cha treni, kiwiko juu ya dirisha lisilokuwepo, akauliza bila kugeuka, "Moto?"

Niliona mabega yake yanasubiri, na nilijua anasubiri nini, na aliyepaswa kujibu yuko chini. Sikuweza kuvumilia. Nikasema, "Upo."

Akainamisha kichwa. Ile punje ya pili akanipa mimi, nile. Akamwambia bibi kwamba mtia makaa wake amepatikana, msiba ufungwe. Jioni ile baba mdogo alikalia kigoda, nacho kikamtosha vibaya, tukacheka wote, na bibi alikula ndizi sahani nzima. Hakumaliza mwaka. Lakini alikwenda bila hofu, hilo nalijua mimi niliyelala naye kitanda kimoja. Yeye na babu wamelala ubavu kwa ubavu sasa.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Babu Dereva alirudi kwake ndani ya behewa lile lile na baadaye akastaafu. Mama alirudi nyumbani. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na alama zangu hazikunipeleka mbali. Nilitaka kuendesha treni, nikapata kibanda. Kwa miaka kadhaa tulipigiana simu sikukuu. Yeye huuliza moto, mimi najibu upo, hata siku ambazo haupo. Baadaye simu yangu iliibiwa, namba za watu zikapotea. Sikumtafuta kwa bidii. Nilikuwa nimechoka tu, na uchovu una adabu mbaya, unakula marafiki kwanza.

Mwaka huu nilipita Kemondo. Zile reli za bandarini zimefunikwa na nyasi, mtu amefunga mbuzi kwenye chuma, na mtoto niliyemuuliza ni za nini aliniambia ni za kuzuia magari yasiteleze. Kitabu kile cha darasa la pili hakipo tena. Kile kichwa cha moshi nasikia kilikatwa kikauzwa vyuma chakavu, na sijui tundu la miguu ya babu limeyeyushiwa kwenye sufuria gani. Na siku hizi kule Busisi, palipokuwa na pantoni, kuna daraja refu juu ya maji. Abiria wangu wanavuka wamelala, vichwa vimeegemea kioo. Naliwaza sana daraja hilo. Angeweza kuja kwetu bila kumeza hata tone la hofu. Lakini angekuja kwa basi, na mimi nisingekuwa na stesheni ya kumtajia.

Jana jioni nilikwenda Muleba, kibanjani. Baba mdogo alikuwa kwenye kigoda chake, mzee naye sasa. Nilimweleza. Hakusema niende wala nisiende, ila aliinuka akaenda nyuma ya jiko, akarudi na tunda moja la kahawa kutoka mti ulioota pale kaburini. Hatujui kama umetokana na punje ile, kahawa huota popote kwetu. Akaniwekea mkononi.

Leo alfajiri nimewahi kibandani. Jirani yangu amenikuta naandika tiketi ya Mwanza, akauliza abiria wangu yuko wapi, mbona simwoni. Nikaandika jina langu. Siti ya dirishani, upande wa kulia, ule wa mtia makaa. Amenitazama, akaona sitanii, akanifungia chapati mbili kwenye gazeti, akasema atanishikia kibanda.

Basi linapasha injini moto hapa ninapokuandikia. Kahawa nimeifunga kwenye jani kavu, kamba nimeikaza mwenyewe. Nimechoka, sitakudanganya, na njia ni ndefu. Kule makaburini nitaipasua, moja nitaifukia, moja nitakula. Halafu nitasimama miguu ile niliyofundishwa, wa kushoto pale, wa kulia hapa, na hatauliza, na mimi nitajibu.